Sensa ya joto la maji ilibadilishwa mara mbili, gari likaendelea kunywa mafuta: uchambuzi wa kisa kimoja cha gereji

Kisa hiki ni cha kweli na nilikishika mwenyewe. Nimeondoa jina la mteja, namba ya gari, mji na gereji zote zilizopita kabla yangu, maana lengo ni kujifunza kosa lilipoanzia na sitaki kumchafua mtu, na mmojawapo wa waliokosea humu ni mimi. Mzee mwenye gari nilimuomba ruhusa akacheka akasema andika tu fundi, labda kuna mwenzangu atapona.

Gari lenyewe na lilikotoka

Ni Toyota ndogo yenye injini ya 1NZ, cc 1,500, VVT-i, otomatiki, zile zilizokuja zikiwa used toka Japani ambazo ziko kila kona. Dashibodi yake haina mshale wa joto, ina taa mbili tu, ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikichemsha. Hili mlikumbuke maana lina kazi huko mbele.

Mzee alilinunua Dar kwa mtu, akalitumia kama miaka miwili, alipostaafu akarudi nalo kwao, mji wa baridi kweli huku Nyanda za Juu Kusini, karibu mita 1,900 toka usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa saba huku unatoa mvuke mdomoni kama umevuta sigara. Kule Dar anasema lilikuwa linakula mafuta lakini akawa anajiambia ni foleni na AC, alipofika huku hakuna foleni, AC hata haigusi, ndo akashtuka kwamba linakula vilevile na hata zaidi. Alikuwa anapata kama kilomita 8 kwa lita. Gari la aina hii likiwa zima barabara ya lami nategemea 13, 14 bila kubembeleza.

Malalamiko kama alivyoyaleta

Aliingia gereji akiwa na orodha kabisa kwenye karatasi, walimu wastaafu wana hizo. Mafuta yanaisha. Asubuhi ekzosi inatoa moshi mweusi. Sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ipo juu, ukisimama kwenye taa gari linataka kukimbia lenyewe. Likizimwa likiwa limetoka safari ukiliwasha tena baada ya dakika kumi linagoma mpaka ukanyage pedeli ya mafuta mpaka chini ndo linashika kwa kukohoa. Halafu "haliachii", yaani unaenda 80 injini inalia kama bado ipo gia ya tatu. Na taa ya bluu haizimi, au inazima ukishafika unakokwenda.

Yaliyoshafanyika kabla yangu: plagi mpya, nozeli za kupulizia mafuta zimesafishwa, sensa ya oksijeni imebadilishwa (hiyo ilimuuma, alitoa zaidi ya laki), na sensa ya joto la maji (inayopima joto la maji yanayopoza injini) imebadilishwa mara moja kwa used. Aliyebadilisha hiyo ya mwisho hakuwa mjinga, nitaeleza kwa nini baadae, alikuwa na sababu inayoingia akilini kabisa.

Siku ya kwanza, na kosa langu

Nikachomeka skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Mzee katoka kama kilomita 12 kuja kwangu, taa ya cheki injini haijawaka, kodi (namba za hitilafu) hamna hata moja. Nikafungua data za moja kwa moja: joto la hewa inayoingia digrii 22, mzunguko wa sailensa 1,200 na kitu kwa dakika wakati injini hii ikiwa ya moto inakaa 700 hivi, na joto la maji digrii 43.

Digrii 43 baada ya kilomita 12. Dogo ninayemfundisha akasema hapohapo, "Bro, sensa imekufa hiyo." Na mimi nikaona sawa, kila kitu kwenye orodha ya mzee kinaelezeka na hiyo namba. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikidhani injini ni ya baridi inaongeza mafuta, inanyanyua sailensa, na hizi otomatiki za Toyota hazitoi gia ya juu mpaka maji yapate joto la kutosha, ndo ile "haliachii". Ukilizima la moto ukaliwasha, linamwagiwa mafuta kama la asubuhi, plagi zinalowa, linagoma. Ukikanyaga mpaka chini wakati unapiga stata nozeli zinakatwa, linajikausha, linashika. Picha imekamilika, nani angebisha?

Nilikuwa na sensa nzima nimeichomoa kwenye injini iliyokufa kwa mambo mengine. Tukafungua, maji yakamwagika, tukafunga ile nyingine, tukajaza maji mapya toka bombani, tukawasha. Skana ikasoma 26, 30, 35, inapanda taratibu. Nikasema si hiyo inapanda, maji ni ya baridi tumeweka sasa hivi, itafika tu. Mzee alikuwa na haraka, mimi nina gari jingine limekaa juu ya jeki. Akalipa akaondoka.

Hapo nilimpima mgonjwa mara baada ya kumwagia maji ya baridi kisha nikamruhusu aende nyumbani. Siku ya nne akarudi, hajanuna hata, akaniambia tu "Fundi, bado." Ile sauti ya upole ndo inakutesa zaidi.

Siku ya nne, tunaanza upya

Safari hii nikamwambia mzee aliache, lilale. Nilitaka kuliona likiwa limepoa kabisa na likiwa limechemka kabisa, tena nataka shahidi mwingine asiyetegemea kontroli boksi.

Asubuhi kabla ya kuwasha, swichi on tu, skana inasema hewa digrii 11, maji digrii 8. Gari likilala usiku kucha hizi namba mbili zinatakiwa kuwa karibukaribu, na tofauti ya 3 hakuna fundi anayeishangaa. Dogo akasema basi sensa nzima. Nikasema subiri.

Tukawasha, tukazunguka nalo nusu saa, kupanda na kushuka. Tuliporudi skana inasoma 44. Nikachukua kile kipima joto cha kupiga kama bastola, vile vilivyosambaa kipindi cha korona ila hiki ni cha kiufundi, nikapiga kwenye hozi ya juu ya rejeta: 64. Hapa angalizo kwa wanaotumia hivi vidude, ukipiga kwenye aluminiamu inayong'aa kinakudanganya, kinasoma chini sana, piga kwenye mpira mweusi au bandika kipande cha tepu nyeusi upige hapo.

Kwa hiyo sasa nina namba mbili zinazogombana, 44 na 64. Kilichonifanya nikae chini ni kwamba hata 64 yenyewe ni ndogo. Injini hii themostati yake (mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) inaanza kufunguka kati ya 80 na 84, ikitoka kwenye mlima wa nusu saa ilitakiwa kuwa 85 kwenda juu. Kumbe kuna matatizo mawili yamekaa sehemu moja: injini ni ya baridi kweli, halafu kontroli boksi inaiona ya baridi kuliko ilivyo. Siku ya kwanza nilichukua yote mawili nikamtwisha sensa.

Kumpima sensa peke yake

Nikachomoa soketi ya sensa, nikaweka mita kwenye pini zake mbili wakati hozi inasoma 64: omu 510 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Sensa hizi ukinzani unashuka joto likipanda, na kwa Toyota namba zake zinajulikana, digrii 20 inakuwa kati ya omu 2,320 na 2,590, digrii 80 inakuwa 310 mpaka 326. Katikati hapo, digrii 60 ni kama 590 na digrii 40 ni kama 1,150. Kwa hiyo 510 kwenye 64 ipo pale pale inapotakiwa. Sensa ilikuwa inasema kweli, hata ile used ya fundi aliyenitangulia (mzee alikuwa nayo kwenye dashibodi) niliipima baadae ikawa nzima, na naamini hata ile ya mwanzo iliyotupwa ilikuwa nzima. Tatu zote nzima!

Kwa uhakika zaidi nikaitumbukiza kwenye sufuria la maji juu ya jiko pamoja na waya wa joto wa mita yangu. Nilisubiri 80 kamili, omu 320. Wengine hutumia maji yanayochemka kama kipimo cha 100, huku kwetu juu usithubutu, maji yanachemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ukipima hapo ukadhani ni 100 utaihukumu sensa nzima kuwa ni mbovu.

Kwenye waya

Sensa nzima, ila kontroli boksi inaona 44. Nikafanya jaribio la kizamani, jampa fupi kwenye soketi, unaunganisha zile pini mbili upande wa waya. Ukiacha soketi wazi skana lazima ioneshe -40, ukiziunganisha lazima iruke 140. Nikaacha wazi: -40, cheki injini ikawaka na kodi P0118, ya saketi ya sensa kuwa wazi, feni ya rejeta ikaanza kuvuma. Safi. Nikaweka jampa, kodi nikafuta, nikasoma: 65.

Dogo akaangalia skana, akaniangalia mimi. Nimeunganisha pini kabisa, omu sifuri, ilitakiwa 140, inasema 65. Ina maana kwenye njia ya waya kuna ukinzani mwingine umejificha wa kama omu 500, maana hizo ndo zinasomeka kama digrii 65. Nikatoboa insulesheni kwa sindano sentimita kama 15 nyuma ya soketi, nikaunganisha pale: 140. Basi ubaya upo ndani ya hizo sentimita 15.

Nikakata tepu nyeusi. Ndani kuna viungo viwili vya waya vya kusokota kwa mkono, havina risasi ya kuunganishia, havina chochote, na kimoja kimeota kutu ya kijani mpaka waya umekuwa kama unga. Mtu aliwahi kubadilisha ile soketi, pengine baada ya kugongwa ubavu ule, maana hata braketi ya taa ina alama za kunyooshwa. Nikapima kile kiungo: omu 520, ukikitikisa kinakwenda 480, kinarudi 560. Ile sauti ya tiii ya mita haikulia, na hapo wengi wangesema waya umekatika. Ulikuwa haujakatika, ungekatika kodi ingekuja siku ya kwanza na mzee angeokoa hela zake zote.

Nikakata kile kibovu, nikaweka kipande kipya cha waya, nikapiga risasi, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kuwasha, skana 61, hozi 61. Mashahidi wameelewana.

Kwa nini asubuhi ilionekana nzima

Hapa napenda kukaa kidogo, maana ndo kiini cha kunaswa kwangu na kwa walionitangulia.

Chukua omu 500 za kutu uziongeze kwenye sensa. Asubuhi digrii 11 sensa yenyewe ina omu kama 3,600, ukiongeza 500 inakuwa 4,100, kontroli boksi inasoma 8. Umepoteza digrii 3, nani anajali. Sasa njoo injini ikiwa 80, sensa ina omu 320, ukiongeza 500 ni 820, kontroli boksi inasoma kama 50. Umepoteza digrii 30. Injini ikizidi kupata moto ndo uongo unazidi, kwenye 95 ya kweli sensa ina omu kama 210, pamoja na kutu 710, inasomeka 54 hivi. Yaani hata injini ichemke mpaka ipasuke, kontroli boksi haitakaa ione zaidi ya 60.

Na kodi haiji kwa sababu kodi ya saketi inawaka pale namba inapotoka nje ya mipaka, wazi kabisa au shoti kabisa. Digrii 44 ni namba halali, injini nyingi duniani sasa hivi zina digrii 44. Taa ya cheki injini kuzima haikumaanisha chochote hapa na mimi niliipa uzito.

Yule fundi aliyechomoa soketi

Nilisema aliyebadilisha sensa mwanzo alikuwa na sababu. Mzee alinieleza: jamaa alichomoa soketi ya sensa akaendesha gari, likawa zuri, sailensa ikashuka, moshi ukaisha. Akahitimisha sensa mbovu.

Ni mtego mzuri kweli. Soketi ikichomolewa kontroli boksi inaona -40, inajua hii haiwezekani, inaacha kumsikiliza sensa na kuchukua digrii 80 ya kudhania, inawasha feni moja kwa moja na taa ya hitilafu. Kwa hiyo gari likawa linachanganya mafuta kama la moto, lazima liwe zuri. Jaribio lile linakwambia kwamba taarifa ya joto ndo mbovu, halikwambii kama ubaya upo kwenye sensa, kwenye soketi, kwenye waya au injini yenyewe ni baridi. Najua kuna magari yanatembea mtaani hivyo hivyo soketi inaning'inia, taa imefunikwa na kipande cha tepu, na wenyewe wanasifia fundi.

Themostati, na swali nililochelewa kuuliza

Waya umepona, injini bado inaishia 61 mpaka 66. Nikafungua nyumba ya themostati. Tupu. Hamna kitu ndani, hata mpira wake hamna.

Nikampigia mzee. "Aa, hiyo fundi wa Dar aliitoa, lilikuwa linachemsha, akasema hizi ni za nchi za baridi, kwetu hazina kazi." Nikamuuliza lilikuwa linachemsha saa ngapi. Akasema foleni, hasa likisimama sana. Nikauliza na AC? Akafikiri kidogo akasema, "Sasa unavyouliza, nikiwasha AC lilikuwa halichemshi. Nilikuwa nashangaa maana watu wanasema AC ndo inachemsha gari. Basi nikawa siizimi."

Nilikaa kimya kwenye simu mpaka akasema halo halo.

Kwenye gari hili feni ya rejeta inawashwa kwa amri ya kontroli boksi, ama maji yakifika digrii tisini na kitu ama ukiwasha AC. Kontroli boksi isiyoona zaidi ya 60 haiwezi kuagiza feni hata siku moja, mpaka AC iagize. Kwa hiyo simulizi naisoma hivi: kiungo cha kusokota kikaota kutu, feni ikaacha kuwaka, gari likachemsha foleni, fundi akatoa themostati, mzee akagundua AC inasaidia, kuchemsha kukaisha, ulaji wa mafuta ukaanza na ukapewa lawama ya foleni. Akahamia kwenye baridi, AC haiwashi maana haina kazi, foleni hakuna, na injini isiyo na themostati kwenye mji wa digrii 11 haipati joto maisha yake yote.

Sehemu ya Dar sikuwepo, kwa hiyo nikajaribu kuirudia. Jirani yangu ni fundi redio, nikamuomba rezista (kipande cha kuongeza ukinzani) ya omu 470, nikaichomeka kwenye njia ya waya wa sensa. Hii niliifanya baada ya kufunga themostati mpya. Gari limesimama, AC off, skana ikapanda ikagota 57 ikakaa hapohapo, huku hozi inapanda 85, 90, 95. Feni kimya. Hozi ilipogusa 98 nikachomoa soketi haraka, feni ikavuma. Inatosha, silinda hedi (kichwa cha injini) si ya kuchezea.

Kurudisha themostati: kwa nini sikukimbilia

Kuna uamuzi hapa ulinichukua nusu siku. Gari lililotolewa themostati kwa sababu ya kuchemsha, ukiirudisha bila kujua kwa nini lilichemsha, unaweza kuliua. Ubaya wa waya ulikuwa umeshapata, ila je kama kuna mwingine? Nikapima mfuniko wa rejeta kama unashika presha (mpira wake ulikuwa umekufa, tukaweka mpya), nikapuliza rejeta upande wa injini ikatoa vumbi na mabawa ya wadudu ya toka Dar, nikaangalia kama kuna mapovu kwenye maji injini ikinguruma, hamna, hedi salama. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, tukaosha mara tatu tukaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Nakiri siku ya kwanza mimi ndo nilijaza maji ya bomba.

Themostati mpya niliitumbukiza kwanza kwenye lile sufuria, ikaanza kufunguka kwenye 82. Nikaifunga kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu, tukatoa hewa, hita imewashwa mpaka mwisho.

Na oili. Nilivuta dipstiki ikawa juu ya alama ya mwisho na inanuka petroli. Miezi yote ya mafuta mengi kwenye injini ya baridi, yanateremka kwenye kuta za silinda yanaingia chini. Tukamwaga. Hii watu wengi wanaisahau, wanatibu sababu wanaacha injini inaogelea kwenye oili iliyochakachuliwa na petroli.

Matokeo

Asubuhi iliyofuata: hewa 10, maji 10. Taa ya bluu ilizima baada ya dakika sita hivi za kuendesha. Sailensa ikashuka 700. Skana ikakaa 84 mpaka 88 safarini, gia ya juu inaingia yenyewe, na nilipoliacha limesimama feni iliwaka kwenye 95 ikazima. Zima, subiri dakika kumi, washa, linashika kwa mguso. Baada ya wiki mbili mzee alileta hesabu yake ya mafuta kwenye karatasi ileile, kilomita 13 kwa lita na pointi kadhaa. Plagi nilizichomoa nikaona zina rangi ya kahawia.

Ya kuja mara ya pili sikumtoza kazi, nilimtoza vifaa tu. Sensa ya oksijeni aliyonunua hakuna wa kumrudishia.

Nilichokosea na kilichoniokoa

Kosa la kwanza kwa uzito ni kuikubali namba ya skana kama joto la injini. Skana inakupa maoni ya kontroli boksi. Kama siku ya kwanza ningepiga tu hozi ningeona 64 dhidi ya 43 na nisingegusa sensa kabisa, ni sekunde kumi za kazi. Hata mkono ungetosha, hozi ya digrii 43 unaishika ukipiga soga, ya 64 unaiachia.

Kosa la pili ni kupima matokeo baada ya kumwaga maji. Gari lilitakiwa litembee tena kilomita zilezile 12 ndo niseme nimepona au sijapona. Haraka ya mteja sio kisingizio, yeye alikuwa na haraka kwa sababu hajui, mimi nilikuwa najua.

La tatu ni historia. Nilimuuliza mzee gari lina tatizo gani, sikumuuliza liliwahi kuwa na tatizo gani. Ufunguo wote ulikuwa kwenye ile sentensi ya AC na aliibeba kichwani miaka miwili akidhani ni kioja tu.

Kilichosaidia ni lile jampa la pini mbili, halina gharama na linagawanya tatizo katikati: 140 maana yake rudi kwa sensa, pungufu ya hapo nenda kwenye waya. Na kujua namba za omu kwa kichwa, maana bila hizo 510 ingekuwa namba tu, na 65 nisingeitafsiri kuwa ni omu 500. Jaribio la gari kulala usiku halikusaidia kitu hapa, na kwa kisa cha waya wenye kutu naona linadanganya kuliko kusaidia, japo kwa sensa yenyewe inayosoma vibaya ni zuri bado. Kile kiungo cha kijani nimekifunga kwenye kamfuko ka nailoni kimening'inia ukutani juu ya meza ya skana, dogo anakiita "omu mia tano".

Miezi miwili baadae mzee alikwenda Dar kwenye harusi. Akanipigia simu yuko foleni, sauti ina wasiwasi: "Fundi, kuna kitu huku mbele kinavuma, kinawaka chenyewe, kinazima, kinawaka tena, na AC nimezima." Nikamwambia hiyo ni feni mzee wangu. Akanyamaza, akauliza, "Kumbe ilikuwepo?"